Chakula cha Kifaranga wa Kware wa Nyama

Kware wa nyama hukaa bandani wiki tano au sita tu, kisha huchinjwa. Mkulima aliyezoea ng'ombe, au hata kuku wa kienyeji, huona kwamba muda huu ni mfupi mno, na kweli ni mfupi. Ndama akipungukiwa na malisho wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha na nyasi zikiota aweza kuurudisha mwili wake. Kware hana nafasi hiyo. Akipoteza wiki mbili za kwanza, amepoteza theluthi nzima ya maisha yake, na siku ya kuuzwa itamkuta angali mdogo.

Hasara ya namna hii mara nyingi haitokani na ugonjwa. Hutokana na gunia la chakula. Mkulima huenda dukani, na kwa kuwa hakuna chakula kilichoandikwa "kware", hununua chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai, tena pengine hukichanganya na unga wa mahindi ili kisiishe upesi. Ndege wanakula, wanaonekana wameshiba, lakini hawakui. Makala haya yataeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi unavyoweza kusahihisha chakula hicho kwa hesabu ndogo unayoweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

Kwanza tuseme ni ndege gani tunayemzungumzia. Watu wa magharibi ya Kenya wanamjua kware tangu zamani. Waluhya humwita isindu na Wajaluo humwita aluru, nao humtega shambani kwa kutundika vikapu vyenye ndege wa kuita wenzao. Huyo ni kware wa porini. Anayefugwa vizimbani ni kware wa Kijapani, ambaye amefugwa na watu kwa muda mrefu na hukua upesi kuliko yule wa porini. Hata hivyo, kabla ya kununua hata mmoja, nenda kwanza katika ofisi ya Huduma ya Wanyamapori, yaani KWS, ukaulize habari za kibali cha kumfuga. Wako wakulima waliojenga vizimba kwanza na kuuliza baadaye, wakapata taabu bure.

Tena usiingie katika kazi hii kwa sababu ya maneno ya sokoni. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2013 na mwanzo wa mwaka 2014, wakati yai la kware lilipouzwa kwa bei ya mayai kadhaa ya kuku, kwa kuwa watu walisema ni dawa ya kila ugonjwa. Kila mtu akataka kufuga. Kabla mwaka 2014 haujaisha bei ilikuwa imeanguka, na wengine waliwafungulia ndege wao milango waende zao. Nyama ni biashara ya polepole kuliko ile, na faida yake ni ndogo kwa kila ndege. Ndiyo sababu gharama ya chakula ndiyo itakayoamua kama utapata kitu au hutapata.

Vyakula vya namna mbili

Kifaranga wa kware hutoka katika yai baada ya siku 17 au 18, naye ana uzito wa gramu 7 hadi 9, yaani kama vijiko viwili vidogo vya sukari. Akifika wiki sita, kware wa kawaida huwa na gramu 120 hadi 150, na wa mbegu ya nyama huweza kupita gramu 200. Mwili huo wote, nyama, manyoya, damu na ngozi, umejengwa kwa kitu kimoja hasa, nacho ni chakula cha kujenga mwili, ambacho wataalamu hukiita protini. Protini nyingi imo katika omena, soya, na mashudu ya alizeti na ya pamba.

Chakula cha namna ya pili ni cha kutia nguvu na joto. Hiki kimo zaidi katika mahindi, na katika mafuta yaliyomo ndani ya mbegu kama soya. Kifaranga hukitumia kwa kutembea, kwa kupumua, na zaidi ya yote kwa kujitia joto. Nguvu hii hupimwa kwa kilokalori, kama vile maziwa yapimwavyo kwa lita.

Mahitaji ya kware wa Kijapani anayekua yanajulikana. Katika kila kilo 100 za chakula chake inafaa ziwemo kilo 24 za protini, na katika kila kilo moja ya chakula iwemo nguvu ya kilokalori 2,900 hivi. Chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai kwa kawaida kina protini 18 hadi 20 katika 100. Cha kuanzia kuku wa nyama kina 22 hivi. Tazama karatasi iliyoshonwa kwenye gunia. Kama gunia halina karatasi, ni afadhali usilinunue.

Sasa utasema: tofauti ya 18 na 24 ni ndogo, basi ndege na ale zaidi kidogo. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Kware hali mpaka apate protini ya kumtosha. Hula mpaka apate nguvu ya kumtosha, kisha huacha. Tuseme kifaranga wako anakula gramu 10 kwa siku. Katika chakula cha 24 atapata gramu 2.4 za protini. Katika chakula cha 18 atapata gramu 1.8 tu. Ili azipate zile gramu 2.4 ingempasa kula gramu 13 na zaidi, lakini mahindi yaliyomo yamekwisha kumshibisha, naye huondoka penye chombo. Nguvu inayobaki bila protini ya kujengea mwili hugeuka kuwa mafuta. Kwa hiyo utamwona kware mfupi, mwenye kifua chembamba na mafuta tumboni, na mnunuzi wa hoteli akimshika kifuani atamrudisha.

Yule mkulima anayeongeza unga wa mahindi hufanya vibaya zaidi. Chukua kilo moja ya chakula cha 18 na kilo moja ya mahindi, ambayo yana protini 8.5 katika 100. Jumlisha 18 na 8.5, ugawanye kwa mbili: unapata 13 na robo. Hicho si chakula cha kifaranga wa kware hata kidogo.

Lakini yako makosa ya upande wa pili pia. Mwingine akisikia habari hizi hujaza pumba, kwa kuwa pumba za ngano zina protini 15 katika 100, zaidi ya mahindi, nazo ni rahisi. Pumba hujaza kibofu cha chakula cha ndege bila kumpa nguvu. Tumbo la kware ni dogo, hata akila kutwa hapati ya kutosha, ndipo huanza kuichoma protini yenyewe ili apate joto. Huko ni sawa na kuchoma mbao za kujengea nyumba kwa sababu umekosa kuni. Na mwingine huzidisha omena akifikiri kwamba ikiwa 24 ni nzuri basi 32 itakuwa nzuri zaidi. Mwili wa ndege hauweki akiba ya protini. Inayozidi hutoka kwenye kinyesi, na banda hunuka harufu kali inayochoma macho. Harufu hiyo ni fedha zako zinazopotea.

Habari za baridi

Wakulima wa skimu za nyanda za juu, kama vile Kinangop na Ol Kalou, hawana budi kulisoma neno hili kwa makini kuliko wenzao wa Mpeketoni. Kifaranga asiye na joto la kutosha huchoma chakula kwanza kwa kujipasha moto, na kile kinachobaki ndicho anachokulia. Katika wiki ya kwanza joto la mahali pa kulelea liwe nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, kisha upunguze nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka manyoya yawe yamemfunika vizuri. Ukiwakuta vifaranga wamelundikana asubuhi, hata chakula bora namna gani hakitawafaa. Ukitumia jiko la makaa, acha nafasi ya hewa kupita juu, kwa maana moshi usioonekana wa makaa huua ndege na huua watu vilevile.

Tena waweke changarawe safi katika chombo cha maji siku za kwanza. Kifaranga wa kware huzama katika maji ambayo wa kuku angeyavuka kwa miguu.

Kusahihisha chakula cha dukani

Njia iliyo rahisi kwa mwenye ndege mia moja au mia mbili ni kununua chakula cha kuanzia kuku wa nyama na kukiongezea protini kidogo. Kama karatasi inasema 22, chukua kilo 47 za chakula hicho na kilo 3 za omena safi iliyosagwa, uchanganye vizuri. Hesabu yake ni hii. Kilo 47 kwa 22 katika 100 ni kilo 10.34 za protini. Omena kavu na safi ina protini 55 hivi katika 100, basi kilo 3 zina 1.65. Jumla ni karibu kilo 12 katika kilo 50, yaani 24 katika 100.

Ukitaka kusahihisha cha kuku wa mayai chenye 18 utahitaji omena kilo 8 kwa kilo 42 za chakula. Hesabu inakubali, lakini mfuko hautafurahi, na omena ikizidi namna hiyo nyama hunukia samaki.

Kware 100 watakula kilo 50 hadi 60 za chakula tangu kutotolewa mpaka kuchinjwa. Wiki ya kwanza kila mmoja hula gramu 4 au 5 kwa siku, na wiki ya mwisho hula gramu 20 hivi. Kwa hiyo chakula cha gharama kubwa, kile cha wiki tatu za kwanza, ni kidogo kwa jumla. Usibane hapo.

Kuchanganya mwenyewe

Mwenye mahindi yake mwenyewe, kama wakulima wengi wa Lugari na Trans Nzoia, atapata faida zaidi akichanganya chakula nyumbani. Ule Mpango wa Eka Milioni Moja ulioanza mwaka 1962 uliwapa wazee mashamba ambayo sasa wana na wajukuu wamegawana, na sehemu ya mtu haitoshi ng'ombe wengi. Gunia la mahindi lililogeuzwa kuwa nyama huweza kuleta zaidi ya gunia lililouzwa kwa dalali wakati wa mavuno, lakini kwa sharti kwamba protini ya kwenda nayo imenunuliwa vizuri.

Mchanganyiko ufuatao ni wa kilo 100 kwa wiki tatu za kwanza:

Mahindi yaliyosagwa, kilo 43
Soya nzima iliyokaangwa na kusagwa, kilo 26
Omena, kilo 14
Mashudu ya alizeti, kilo 9
Pumba za ngano, kilo 6
Chokaa ya mifugo, kilo 1
DCP, nusu kilo
Vitamini na madini ya kuku wa nyama, nusu kilo

Fanya hesabu mwenyewe, usituamini tu. Mahindi 43 kwa 8.5 hutoa protini kilo 3.66. Soya 26 kwa 37 hutoa 9.62. Omena 14 kwa 55 hutoa 7.70. Alizeti 9 kwa 28 hutoa 2.52. Pumba 6 kwa 15 hutoa 0.90. Jumla ni 24.40. Ukipata mashudu yenye protini nyingine, badili namba yake, hesabu ni ile ile.

Huenda ukauliza kwa nini tumetia vitu vitatu vya protini na si kimoja. Protini si kitu kimoja. Imeundwa kwa vijenzi vingi vidogo, na kila kimoja kina kazi yake; kimoja kikikosekana, vingine hukaa bure, kama vile fundi mwenye mawe na saruji ambaye hana mchanga. Vijenzi vinavyokosekana mara nyingi ni viwili, laisini na methionini. Mahindi yana laisini kidogo sana. Soya ina laisini nyingi lakini ina upungufu wa methionini. Alizeti ni kinyume chake: ina methionini, haina laisini ya kutosha. Omena inavyo vyote viwili. Kware akikosa methionini manyoya hutoka vibaya, na ndege huanza kudonoana mpaka damu. Ukiona kudonoana, angalia kwanza kama wamesongamana na kama mwanga ni mkali mno, kisha angalia chakula.

Soya mbichi usiwape kamwe. Ndani yake mna kitu kinachozuia tumbo kuyeyusha protini, nacho huharibiwa na moto. Kaanga huku ukikoroga mpaka ganda lipasuke na punje iwe ya rangi ya kahawia nyepesi, yenye harufu nzuri kama ya karanga. Ikiwa nyeusi umeunguza laisini, na umepoteza ulichonunua.

Kuhusu omena, hapa ndipo wakulima wanapopunjwa zaidi. Omena nyingine huanikwa juu ya mchanga ufukweni mwa Ziwa Victoria, na mchanga huo hupimwa kwenye mizani pamoja na samaki. Chukua konzi moja, uitie katika gilasi ya maji, ukoroge, ungoje kidogo. Mchanga utazama chini nawe utauona kwa macho. Tuseme kwa mfano kwamba kilo ya omena ni shilingi 120. Ikiwa safi, kilo moja ya protini imekugharimu shilingi 218. Ikiwa sehemu ya tano ni mchanga, protini hushuka kutoka 55 hadi 44, na kilo moja ya protini imekugharimu shilingi 273. Hesabu hii, bei gawanya kwa protini, ifanye kwa kila gunia unalonunua. Mara nyingi gunia lenye bei ndogo ndilo ghali.

Mahindi yaliyoota ukungu usiyatie hata kidogo, wala usiseme kwamba ni ya ndege tu. Sumu ya ukungu huo ndiyo iliyoua watu 125 nchini mwetu mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na ndege wadogo hawaistahimili.

Saga vyote viwe laini, kwa sababu mdomo wa kifaranga ni mdogo, na chembe kubwa atazisukuma kando. Vitamini, chokaa na DCP vichanganye kwanza na kilo tano za unga wa mahindi, ndipo umwage juu ya rundo na kugeuza kwa beleshi mara nne au tano. Chombo cha chakula kijazwe theluthi tu, na juu ya chakula weka kipande cha wavu wa matundu ya kupitisha mdomo, kwa maana kware huchakura na kumwaga chakula kuliko kuku. Mkulima aweza kupata 24 kamili kwenye beseni, halafu ikamwagikia kwenye maranda.

Baada ya wiki ya tatu

Kifaranga akizidi wiki tatu, ukuaji wake kwa kulinganisha na uzito wake hupungua, naye hula zaidi kila siku. Wafugaji wengi hushusha protini mpaka 20 hadi 22 bila hasara, nawe utaokoa fedha. Mahindi yawe kilo 48, soya 29, omena 5, alizeti 10, pumba za ngano 6, na zile kilo 2 za chokaa, DCP na vitamini zibaki vilevile. Hesabu ya protini itakupa 21 na robo hivi. Wiki ya mwisho kabla ya kuchinja, ondoa omena kabisa na uweke soya mahali pake, ili nyama isiwe na harufu ya samaki.

Utajuaje kama chakula kinafanya kazi? Pima. Siku moja kila wiki, saa ile ile ya asubuhi kabla hawajala, tia vifaranga kumi katika kopo, uwapime kwa mizani ndogo ya jikoni, utoe uzito wa kopo, ugawanye kwa kumi, uandike daftarini. Chukua ndege wowote, usichague wakubwa. Kundi likiwa na ndege wa kimo mbalimbali sana, chakula hakikuchanganyika vizuri au vyombo havitoshi, wenye nguvu wanakula na wanyonge wanangoja. Kundi likiwa sawasawa lakini wote ni wadogo, rudi kwenye hesabu ya protini, na ukaikague ile omena.

Kwenye wiki ya sita madume huanza kuwika na majike hujitayarisha kutaga. Tangu hapo kila ndege hula gramu 20 na zaidi kwa siku, na nyama anayoongeza ni kidogo. Chakula huenda kwenye mafuta na mayai. Kwa hiyo tafuta mnunuzi katika wiki ya nne, mpatane uzito na bei, umwambie siku ya kuchinja. Ndege mia moja wakikaa wiki moja zaidi wakingojea mnunuzi watakula kilo 14 za chakula ambazo hakuna atakayekulipa.